Mgonjwa wa Kompyuta na Lugha Yake: Mfano wa Mubi, Kivu ya Kaskazini

1. Utangulizi

Mubi ni mji mdogo katika wilaya ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wilaya hiyo ina eneo linalozidi kilomita za mraba 23,000, karibu sawa na Rwanda nzima. Sehemu kubwa yake ni msitu, na barabara ni chache na mbovu. Madini ya bati ya Bisie, yaliyoanza kuchimbwa kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, yaliwavuta huko wachuuzi na vibarua kutoka mijini. Kiswahili kikawa lugha ya kuwakutanisha wageni hao na wenyeji wasemao Kinyanga na lugha nyingine. Vita navyo vimeifikia wilaya hiyo mara nyingi, ukiwamo mwaka 2025.

Daktari anayeanza kazi katika mazingira ya namna hiyo hana budi kuamua mambo mazito akiwa mbali na mabingwa waliomfundisha. Mtoto mchanga asiyepumua hamsubiri daktari afungue kitabu. Makala haya yanaeleza njia mojawapo ya kumwandaa daktari huyo, yaani mafunzo kwa mgonjwa wa kompyuta, na yanadai kwamba njia hiyo haitatimiza lengo lake katika Kivu mpaka suala la lugha ya mgonjwa lishughulikiwe kwa makini.

2. Maana na asili ya mgonjwa wa kompyuta

Ni muhimu kutofautisha mambo matatu. Kwanza kuna mgonjwa wa kuigiza, yaani mtu mzima wa afya aliyefundishwa kujifanya mgonjwa. Njia hii ilianzishwa na daktari Howard Barrows huko Los Angeles, Marekani, mwaka 1963. Pili kuna mwanasesere wa mafunzo, ambaye mwanafunzi humgusa, humbonyeza kifua na kumpa hewa. Tatu kuna mgonjwa wa kompyuta, ambaye hana mwili: yumo katika programu, na hali yake hubadilika kufuatana na uamuzi wa mwanafunzi.

Aina hii ya tatu si mpya kama inavyodhaniwa. Mwaka 1971 William Harless na wenzake walitangaza programu iliyoitwa CASE, ambayo ilimwezesha mwanafunzi kumhoji mgonjwa kwa lugha ya kawaida, kuagiza vipimo, kisha kutaja ugonjwa na tiba. Msingi wa kazi umebaki uleule: programu hutoa kisa, mwanafunzi huuliza na kutenda, programu hujibu. Akikosea, mgonjwa huzidiwa. Lakini hakuna mama anayefiwa, na kisa kinaweza kuanzwa upya.

Katika Afrika ya Mashariki mfano ulio karibu ni LIFE, mchezo wa mafunzo uliotayarishwa na Chuo Kikuu cha Oxford kwa kushirikiana na watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust nchini Kenya. Mchezo huo hutumia simu ya mkononi. Mtumiaji hujikuta wodini mbele ya mtoto mchanga aliye hatarini. Huchagua vifaa, hupanga hatua zake, na husahihishwa anapokosea. Kwa mahali kama Mubi, simu ina faida iliyo wazi: ni rahisi kuipata na kuichaji kuliko maabara ya mafunzo yenye mashine kubwa.

3. Somo la Haydom

Je, anayefaulu kwa mgonjwa wa bandia hufaulu pia kwa mgonjwa wa kweli? Jibu la maana lilipatikana katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, Tanzania. Hapo wakunga walifundishwa kumsaidia mtoto mchanga kupumua kwa kutumia mwanasesere. Baada ya kozi ya siku moja, waliofundishwa walifanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere, lakini utendaji wao mbele ya watoto wa kweli haukubadilika. Utaratibu ulipogeuzwa na mazoezi mafupi yakawa yanafanyika mara kwa mara humohumo wodini, vifo katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1000. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015.

Ingawa Haydom walitumia mwanasesere na si kompyuta, funzo lake linahusu njia zote mbili. Zoezi humfaa mtu likiwa la mara kwa mara, na likiwa karibu na kazi yake ya kila siku. Hapa ndipo lugha inapoingia, kwani sehemu kubwa ya kazi ya daktari ni kusikiliza.

4. Mgonjwa wa Mubi anasemaje?

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Daktari hufundishwa kwa Kifaransa, lakini mgonjwa wake wa Mubi huja na Kiswahili. Programu iliyoandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa humzoeza daktari kumsikiliza mtu ambaye hatakutana naye. Wala kuitafsiri kwa Kiswahili sanifu hakutoshi.

Kwanza, kuna tofauti za sarufi na matamshi. Pale Kiswahili sanifu kinaposema "kichwa kinaniuma", katika Kivu husikika "kichwa inaniluma". Mama anayesema "katoto kangu" hamdharau mtoto wake. Anamtaja kwa upole. Programu inayotambua maneno "kinaniuma" na "mtoto" tu itamfanya mgonjwa huyu aonekane hakusema lolote.

Pili, kuna tofauti za maana, nazo ni za hatari zaidi. Katika Kiswahili sanifu "mganga" kwa kawaida ni mtu wa tiba za jadi. Katika Kivu "munganga" ni daktari. Swali "Je, ulikwenda kwa mganga kabla ya kuja hapa?" lina shabaha ya kuchunguza dawa za miti shamba. Mgonjwa wa Mubi akijibu ndiyo, huenda anazungumzia daktari aliyempa vidonge. Anayemhoji akikosa kulitambua hilo, anaweza kumpa dawa ileile mara ya pili.

Tatu, majina ya magonjwa hubeba fikra za watu. Utafiti uliofanywa Bagamoyo, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba "degedege" lilihesabiwa na watu wengi kuwa ugonjwa mbali na malaria, na hivyo watoto wengi walipelekwa kwanza kwa waganga wa jadi. Daktari aliyejua neno la kitabuni tu hangeelewa kwa nini mtoto alicheleweshwa. Majina ya Bagamoyo si lazima yawe ya Walikale. Kila mahali pahitaji uchunguzi wake.

5. Hitimisho

Mgonjwa wa kompyuta ni chombo chenye manufaa, hasa pale ambapo walimu wako mbali na kosa la kwanza laweza kuwa la mwisho. Hata hivyo, hali yake ya mwili ikitungwa na madaktari peke yao, usemi wake utabaki wa kubuni. Kazi ya kukusanya maneno ambayo akina mama, wachimbaji na wauguzi wa Walikale huyatumia kueleza maradhi ni kazi ya wanaisimu, wakisaidiana na madaktari wa huko. Baada ya hapo kila swali la programu lijaribiwe mbele ya wasemaji wa Mubi wenyewe, ili ijulikane wanalielewaje. Kwa njia hiyo daktari kijana atajizoeza kuuliza, kusikia na kuuliza tena, kabla ya siku ambayo atakayemjibu ni mama aliyembeba mtoto mgonjwa.