Mshale Usioguswa: Ndani ya Spidomita ya Beetle

Je, wajua kwamba katika spidomita ya gari la zamani, mshale unaoonyesha mwendo haukushikana na kitu kinachouendesha? Ndani mna sumaku inayozunguka, na karibu nayo kikombe chembamba cha alumini kisichoigusa. Sumaku ikizunguka huzua mikondo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo huwa na nguvu yake ya sumaku inayokiburuta kikombe kiifuate. Kikombe kingezunguka bila kikomo kama si kijispringi kinachokirudisha nyuma. Gari likiongeza mwendo, mburuto unazidi, springi inajikunja, mshale unapanda.

Wakazi wa ghorofa za Huruma, Nairobi, wameiona kanuni hii miaka mingi bila kuijua jina. Kabla ya mita za tokeni, mita za stima zilikuwa na kisahani cha alumini kilichozunguka nyuma ya kioo, polepole mchana na mbio jioni watu wanapopika. Kisahani kile kilisukumwa na mikondo ya aina hiyohiyo, na sumaku ya kudumu ndiyo iliyokishika breki kisikimbie ovyo. Otto Schulze wa Strasbourg aliisajili hataza ya spidomita ya namna hii mwaka 1902, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madereva wa dunia nzima waliutegemea ubunifu huo.

Anayetaka kujifunza kuifungua na kuifufua, gari jema la kuanzia ni Volkswagen Beetle. Ni gari lenye historia hapa kwetu. Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda nalo mbio za magari za Safari za mwaka 1954, wakati mashindano hayo yangali na umri wa mwaka mmoja, na Tommy Fjastad akashinda nalo tena mwaka 1962. Mtambo wake wa mita ni mduara mmoja tu mbele ya dereva: mwendo, kilomita, taa chache za onyo, na katika matoleo ya kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, geji ya petroli humohumo.

Kuutoa hakuhitaji kubomoa dashibodi. Betri hutolewa waya kwanza, kisha unafungua boneti ya mbele, palipo na tangi na mizigo, na nyuma ya dashibodi unauona mgongo wa spidomita. Nati ya kebo inayoizungusha sumaku hufunguliwa kwa vidole. Soketi za balbu huchomolewa moja moja, na hapa ndipo haraka huwaponza wengi: piga picha ya kila waya kwa simu kabla ya kuugusa, kwa sababu rangi za waya wa miaka 50 zimefifia na huenda fundi fulani alishaunganisha upya kwa waya aliokuwa nao.

Kazi yenyewe ni rimu ya kroma inayokibana kioo. Imekunjwa kuzunguka ukingo wa kasha, haina skrubu. Inainuliwa kwa bisibisi bapa ndogo, kidogo hapa, kidogo pale, mzunguko mzima, kisha unaanza mzunguko mwingine. Ukiilazimisha sehemu moja inapasuka au inabaki na mawimbi yasiyonyooka tena. Mafundi wa Kariobangi Light Industries, ng'ambo tu ya Outering Road kutoka Huruma, hukunja na kunyoosha bati kutwa, na mkono wa namna hiyo ndio unaohitajika hapa. Naamini kwa dhati kwamba Eastlands ina ujuzi wote wa kazi hii. Kinachokosekana ni watu kuwaletea mafundi hao mita za kale badala ya kuzitupa.

Ndani utakuta vumbi la miaka, na grisi iliyokauka ikawa kama lami kwenye mhimili wa sumaku. Grisi hiyo ndiyo chanzo cha milio na cha mshale unaorukaruka. Isafishe kwa kijiti na pamba, kisha tone moja la mafuta ya saa kwenye mhimili. Tone moja, basi. Mafuta yakifika kwenye kikombe au kwenye springi, mshale utakuwa mzito na hautasema kweli. Kwa sababu hiyohiyo, kebo hupakwa grisi kiasi, na sehemu yake ya juu iliyo karibu na mita huachwa karibu kavu: kebo ikizunguka, mafuta hupanda nayo. Uso wenye namba usiguswe kwa thina wala spiriti, maana maandishi yatafutika pale pale. Brashi laini inatosha. Na kama gari ni la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na namba zake zilitengenezwa zing'ae gizani, usizikwangue kabisa. Rangi nyingi za enzi hizo zilikuwa na radiamu, ambayo nusu yake huchukua miaka 1,600 kuisha, hata kama mng'ao ulikufa zamani.

Kati ya taa za onyo za mita hii, ile ya jenereta inastahili heshima kuliko zote. Imeunganishwa kati ya betri na jenereta, hivyo huzimika pale volti za pande zote mbili zinapokaribiana. Injini ya Beetle hupozwa kwa hewa, haina rejeta wala geji ya joto, na mkanda unaoendesha jenereta ndio huohuo unaozungusha feni ya kupoza. Taa hiyo ikiwaka safarini, huenda mkanda umekatika na injini inaungua. Dereva husimama papo hapo. Kwa hiyo balbu ya shilingi chache inayolinda injini nzima haifai kurudishwa ikiwa na kutu kwenye soketi. Iangalie pia volti: Beetle za zamani zilitumia volti 6, na balbu ya volti 6 ukiitia kwenye mfumo wa 12 itaungua mara moja.

Kisha kuna zile namba za kilomita. Mita ikiwa wazi, ni rahisi mno kuzirudisha nyuma, na wako wanaofanya hivyo wauze gari kwa bei ya juu. Huo ni wizi, na kwenye gari la kale ni wizi usio na hata maana, kwa kuwa mita ya tarakimu tano hurudi sufuri baada ya 99,999. Ziandike namba ulizozikuta, zisafishe, zirudishe zilivyokuwa.

Kupima kama mita inasema kweli ni hesabu nyepesi. Kebo ya Beetle haitoki kwenye giaboksi kama magari mengi. Inaanzia gurudumu la mbele la kushoto, ikipita katikati ya ekseli hadi kwenye kifuniko cha vumbi, inaposhikwa na kipini kidogo. Gurudumu likizunguka mara moja, kebo nayo mara moja. Tairi lake la kawaida husafiri karibu mita 2 kwa mzunguko, yaani mizunguko kama 500 kwa kilomita. Drili inayozungusha kebo mara 500 kwa dakika, upande uleule gurudumu huizungusha gari likienda mbele, ipandishe mshale hadi karibu na 60. Usipofika, mara nyingi springi imeguswa au sumaku imechoka. Ukifika mezani lakini ukapotea barabarani, acha mita na utazame tairi: la kipenyo kidogo huzunguka mara nyingi zaidi, na dereva huambiwa anakwenda kasi kuliko ukweli.