Chama huvunjikia mkutanoni

Mkutano uliitwa saa nane mchana, siku ya Jumapili. Saa tisa tulikuwa watano tu, mwenyeji akihangaika na chai iliyokuwa ikipoa. Wenzetu walipotimia, mazungumzo yalikuwa yamekwisha ingia katika harusi ya binti wa jirani na bei ya unga. Ajenda haikuguswa hadi jioni.

Ndipo yakazuka. Mwenzetu mmoja alisema tulikubaliana mwezi wa Machi zamu yake isogezwe mbele kwa sababu ya karo. Wengine wakakana. Katibu akafungua daftari: ukurasa wa Machi ulikuwa na orodha ya michango pekee. Tulichoamua hakikuandikwa. Mama huyo, aliyekwisha iahidi shule pesa, alitoka akibubujikwa na machozi.

Huenda nawe msomaji umeyashuhudia haya. Akina mama wa Mkoa wa Kati waliochangiana miaka ya 1960 na 1970 ili waezeke nyumba zao kwa mabati hawakuwa na M-Pesa, iliyoanza 2007. Walikutana, pesa zikahesabiwa mbele ya macho ya wote. Siku hizi mtu hutuma mchango kwa simu akaona amemaliza. Mchango hufika, yeye hafiki. Uamuzi ukifanywa bila yeye, ndiye wa kwanza kulalamika.

Sheria ya 2022 ya kusajili vikundi vya kijamii inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, na kiwe na katiba. Wengi hunakili katiba ya kikundi cha jirani wakaifungia kabatini. Humo ndimo akidi, faini ya kuchelewa na nani ashike kiti mwenyekiti asipokuwepo vinapaswa kuandikwa.

Katibu na asome kumbukumbu za mkutano uliopita kabla pesa hazijaguswa. Zikikubaliwa, yeye na mwenyekiti watie sahihi. Mweka hazina ataje kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Anayechelewa atozwe faini, hata akiwa mwenyekiti (hapo ndipo wengi wetu hushindwa). Na jamani, mtu asipewe ukatibu kwa kuwa tu ni mpole!

Sisi tulinunua daftari jipya. Mwezi uliopita tuliwatuma wawili nyumbani kwa mama yule kumwomba radhi. Aliwapokea vizuri, akawaandalia chai. Kuhusu kurudi chamani, alisema atafikiria.