Dalali wa Ofisi Ajulikane kwa Lipi?

Ndugu msomaji, kama umepata kutafuta fremu ya duka Kariakoo au chumba cha ofisi katikati ya jiji la Dar es Salaam, bila shaka unamfahamu dalali. Unamkuta kando ya barabara, simu mbili mkononi, akikuhakikishia kwamba nafasi ipo na funguo anazo. Mnakwenda, mnamkuta dalali wa pili, naye anasema funguo ziko kwa wa tatu. Mwisho wa safari unadaiwa pesa ya kuonyeshwa mahali palipokwisha kupangishwa tangu juma lililopita. Waaminifu wapo, tena si haba. Lakini jina la kazi hiyo limechafuka, na kijana wako akikwambia kwamba anataka kuishi kwa udalali wa majengo ya biashara, pengine utamhurumia.

Makala haya yamekusudiwa kwa kijana huyo, na kwa mzazi anayemwona kila jioni ameinamia simu.

Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwenye haja ya ofisi alipeleka maombi, akasubiri. Kazi za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, na tangu hapo maghorofa ya watu binafsi na ya mifuko ya hifadhi ya jamii yameongezeka. Siku hizi mpangaji ndiye anayetafutwa.

SI BARAZA LA SOGA

Mojawapo ya mahali pa kumtafutia ni mtandao wa wenye taaluma uitwao LinkedIn. Mtandao huo ulifunguliwa kwa watu huko Marekani mwezi Mei 2003, na mwaka 2016 kampuni ya Microsoft ilitangaza kuununua kwa dola bilioni 26.2. Humo mtu hujitambulisha kwa kazi yake, elimu yake na mahali alipopata kuajiriwa. Anayetafuta chumba cha kuishi Manzese hana haja nao. Huyo atauliza jirani. Lakini ofisi ya ghorofa nzima haichukuliwi kwa uamuzi wa mtu mmoja. Kuna meneja utawala, kuna mhasibu mkuu, kuna mwanasheria, na mkataba ni wa miaka. Watu wa namna hiyo aghalabu hulitazama jina la dalali kabla hawajampigia simu.

Basi wakute nini? Wengi hubandika picha ya jengo kila asubuhi na maneno "inapangishwa, piga simu", kama gulioni. Kwa maoni yangu, hiyo ni njia ya hakika ya kufanya watu wakupite. Chukua ghala la Barabara ya Nyerere. Mfanyabiashara hataki kuambiwa kwamba ni la kisasa. Anataka kujua kama lori lenye kontena la futi 40 linaweza kugeuka uani, paa lina kimo gani, sakafu inabeba uzito gani, na wakati wa masika maji hufika wapi. Kwa ofisi, aeleze kama jenereta huendesha lifti au huwasha taa tu, ni magari mangapi yanaegeshwa, na kama gharama za ulinzi na usafi zimo ndani ya kodi ya pango. Dalali aliyepanda ngazi za jengo kwa miguu yake huonekana katika maandishi yake.

Bei aitaje kwa shilingi, kwa kuwa kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni. Tena amweleze mpangaji habari ya kodi ya zuio: kampuni inayopanga hutakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Kampuni changa nyingi hulijua jambo hilo kwa kuchelewa, na ugomvi na mwenye nyumba huanzia hapo. Maelezo mafupi kama hayo yatamletea heshima kuliko picha 20.

Asikimbilie kuwaalika wageni mamia kwa mamia. Aanze na wanaomjua: mthamini, fundi wa lifti, wakala wa forodha, ofisa wa benki. Hao husikia habari za majengo mapema. Nao awaandikie mmoja mmoja, kwa jina. Hakuna aendaye kuposa kwa kugawa vipeperushi.

Kuna na siri. Habari kwamba mpangaji fulani anahama si yake kuitangaza, na taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Awe na idhini ya maandishi ya mwenye jengo, na tangazo liondolewe siku ile ile nafasi inapochukuliwa.

Nawe unayetaka kupanga fremu kwa mafao yako ya kustaafu, usitoe hata senti kwa kuvutiwa na ukurasa mzuri. Picha na vyeo huweza kubuniwa. Nenda ukalione jengo, omba upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, na malipo yaende kwa mwenye jengo, tena kwa stakabadhi.

Jambo moja mzazi alijue mapema. Ujira wa dalali kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, nao hupatikana mkataba ukishatiwa sahihi. Kwa ofisi kubwa, kutoka siku ya kuonyesha hadi siku ya sahihi huenda ikapita miezi kadhaa. Kijana ataandika, atajibu maswali, atapanda daladala kwenda kupima vyumba, na hataleta kitu nyumbani. Ni vyema mkae mkapatane kabla hajaanza: nani atalipa nauli na bando la simu kwa miezi hiyo, na baada ya mingapi mtalizungumza tena.