Pumzi Chini ya Jukwaa: Fizikia ya Sarakasi ya Majini

Katika jiji la Las Vegas, nchini Marekani, upo ukumbi wenye viti vipatavyo 1,800 ambao jukwaa lake ni bwawa. Humo ndimo kampuni ya Cirque du Soleil ilipoanza mwaka 1998 kuonyesha mchezo uitwao "O", jina litokanalo na matamshi ya neno la Kifaransa lenye maana ya maji. Mwelekezi wake alikuwa Franco Dragone. Watazamaji huwaona wanasarakasi wakiruka kutoka juu na kuzama, nao wengine hawaibuki tena mbele ya macho yao. Wamekwenda wapi? Jibu la swali hilo ni somo zima la fizikia.

Bwawa hilo lina maji yapatayo lita milioni 5.7, na kina chake kikubwa ni kama mita 7.6. Sakafu yake imegawanyika katika majukwaa saba yanayopandishwa na kushushwa kwa mitambo ya haidroliki, yaani mitambo inayoendeshwa kwa kimiminiko kilichokandamizwa. Majukwaa hayo yana matundu mengi. Bila matundu hayo, jukwaa linalopanda lingebeba shehena nzito ya maji juu yake. Hivyo mahali ambapo mchezaji alikuwa akitembea huku maji yakimlowesha nyayo tu, baada ya muda mfupi huwa kilindi.

Mabadiliko hayo hayana budi kwenda sawa na saa. Mtu aangukaye kutoka kimo cha mita 18 huyafikia maji kwa mwendo wa karibu kilomita 68 kwa saa. Kina cha maji ndicho kinachoupunguza mwendo huo kidogo kidogo. Endapo sakafu haijashuka, mrukaji atakutana na chuma.

Lakini kuruka si hatari pekee. Mchezaji aliyezama havai kioo cha macho wala habebi mtungi wa hewa. Machoni mwake kila kitu kina ukungu, kwa kuwa nuru ipitayo kutoka majini kuingia jichoni haipindi kiasi cha kutosha. Muziki huusikia kwa vipaza sauti vilivyowekwa chini ya maji; ila sauti husafiri majini kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na masikio hushindwa kutambua inatoka upande gani. Ndiyo maana wapo wapiga mbizi wanaomngoja humo chini. Humpokea, humpa mdomoni kifaa cha kuvutia hewa, na kumwongoza hadi mahali pa kutokea.

Hewa hiyo inayomwokoa ndiyo inayoweza kumdhuru. Katika kina cha mita 7.6, kanieneo ya maji pamoja na ya angahewa ni karibu mara 1.7 ya kanieneo iliyopo juu. Kanuni ya Boyle yasema kwamba, halijoto isipobadilika, ujazo wa gesi huongezeka kadiri kanieneo inavyopungua. Basi lita 4 za hewa zilizovutwa huko chini zitataka nafasi ya karibu lita 7 mchezaji atakapofika juu. Akiibuka huku amebana pumzi, mapafu yaweza kupasuka na hewa kupenya katika mishipa ya damu. Ajali ya namna hiyo yaweza kutokea hata kwa kupanda mita mbili tu.

Mvuvi wa pwani azamaye kwa pumzi aliyoivuta juu hana hofu hiyo. Mapafu yake husinyaa anaposhuka na kurejea ukubwa wake wa kwanza anapopanda. Mchezaji aliyevuta hewa kilindini sharti aitoe pumzi wakati wote wa kupanda, hata kama mwili wake unamwambia aihifadhi.

Kanuni hii yaweza kuonyeshwa darasani kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano. Mwanafunzi ajaze hewa, azibe tundu kwa kidole, kisha akandamize kisukumio na kukiachia taratibu. Atahisi hewa ikiusukuma mkono wake. Ndivyo hewa ya kilindini inavyozisukuma kuta za mapafu ya mchezaji anayepanda akiwa amefumba kinywa.