Nani Aongoza Penye Ajali? Istilahi za Zimamoto, Uokoaji na Tiba ya Dharura

Katika kazi ya kusanifu istilahi, maneno yanayotusumbua si yale ya sayansi peke yake. Aghalabu vyeo vya watu hutusumbua zaidi. Mfasiri akabidhiwapo waraka kutoka ng'ambo unaomtaja kiongozi wa kitengo cha tiba ya dharura katika idara ya zimamoto ya mji fulani, hudhani kwanza kwamba kazi ni nyepesi, kwa kuwa kila neno limo katika kamusi. Lakini akishayaunganisha maneno hayo, hupata cheo ambacho msomaji wake hawezi kukiweka mahali popote. Je, mtu huyu ni mganga? Ni askari? Yuko chini ya hospitali au chini ya halmashauri? Makala haya yanakusudia kueleza asili ya utata huo na kupendekeza njia ya kuuondoa.

Ili maelezo yetu yasielee hewani, tuyashushe Nzega. Mji huu, ulio makao makuu ya Wilaya ya Nzega katika Mkoa wa Tabora, umekaa penye njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Igunga hufika hapa, kisha hugawanyika. Tawi moja hushika njia ya Tinde, ambako msafiri huchagua kwenda Shinyanga na Mwanza, au Kahama na mipaka ya Rwanda na Burundi. Tawi la pili hushuka kusini hadi Tabora, mwendo wa kilomita zipatazo 115. Mabasi ya abiria, malori ya shehena na magari ya kubeba mafuta hupita hapa usiku na mchana. Ikitokea ajali nje ya mji, watakaofika mahali hapo ni wa namna nyingi: wanakijiji, polisi, askari wa zimamoto na wahudumu wa afya. Kila mmoja ana kazi yake, na kila kazi yahitaji jina lisilogongana na jina la kazi nyingine. Jina likigongana, amri nayo hugongana, na atakayeumia ni yule aliyelala kando ya barabara.

Haja hii si ngeni katika nchi ya Unyamwezi. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa na vyeo vilivyofahamika na wote. Kirangozi alitangulia mbele na kuonyesha njia. Mnyapara aliwasimamia wapagazi. Mganga naye aliandamana na baadhi ya misafara. Aliyeshindwa kutembea, kama alikuwa na cheo au mali, alibebwa kwa machela, neno ambalo lina nduguye katika Kireno cha Msumbiji na ambalo hata leo ndilo jina la kitanda cha kubebea mgonjwa. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, alipooza miguu mwanzoni mwa mwaka uliofuata akawa wa kubebwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba vyeo vile vilitokana na kazi. Hakuna aliyemwuliza kirangozi juu ya mgawo wa mizigo, wala mnyapara juu ya dawa.

Sasa turudi kwenye waraka wa mfasiri. Kwa nini mahali pengine tiba ya dharura huwekwa chini ya zimamoto? Sababu ni ya utendaji. Vituo vya zimamoto husambazwa mjini ili gari lifike upesi, na watu wake hukesha. Mwaka 1970, katika mji wa Seattle huko Marekani, idara ya zimamoto na madaktari walianzisha huduma ambayo kwayo wazimamoto waliofunzwa maalumu walimpelekea mgonjwa wa moyo matibabu hadi alipo, badala ya kumngojea hospitali. Miji mingi ya nchi hiyo ilifuata mwendo kama huo. Basi kiongozi anayetajwa katika waraka ana kazi zinazojulikana: kupanga zamu, kusimamia mafunzo, kuhakikisha kwamba oksijeni, bandeji na dawa zimo garini kabla ya safari, kutunza kumbukumbu za kila tukio, na kupatana na hospitali zitakazopokea majeruhi. Kwa mambo ya tiba yenyewe, kitengo chake huongozwa na maelekezo ya daktari.

Kwetu Tanzania mgawanyo ni mwingine. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa aghalabu chini ya halmashauri za miji. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chombo cha taifa kilicho chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi na kinachoongozwa na Kamishna Jenerali. Matibabu ni kazi ya sekta ya afya. Usafiri wa dharura wa mama wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga una mpango wake uitwao m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022. Katika mpango huo, mratibu hupokea simu kwa namba 115, kisha huita gari la wagonjwa, au dereva wa jamii ambaye hulipwa ujira wake kwa simu. Zimamoto huitwa kwa namba 114. Kenya nayo ina utaratibu wa tatu: Katiba ya mwaka 2010 iliziachia serikali za kaunti huduma za zimamoto pamoja na za magari ya wagonjwa.

Kwa hiyo mfasiri asihamishe cheo cha nchi moja akakivika nchi nyingine. Akisema "Jeshi la Zimamoto la Seattle" atakuwa amekosea, kwa kuwa ile ni idara ya mji. Akisema "Idara ya Zimamoto ya Halmashauri ya Nzega" atakuwa amekosea vilevile, kwa kuwa hapa ni Jeshi la taifa. Lipo pia kosa la kuchekesha: kufasiri kitengo cha idara kwa neno "tarafa". Msomaji wa Nzega atakwenda moja kwa moja kwa Afisa Tarafa, ambaye hana machela wala oksijeni.

Baada ya vyeo, tutazame neno "dharura" lenyewe. Neno hili la asili ya Kiarabu limebeba mizigo mingi. Mtumishi asiyefika kazini husema amepata dharura, akimaanisha udhuru. Bungeni, muswada huweza kuletwa kwa hati ya dharura, yaani kwa haraka kuliko kawaida. Katika Katiba ya mwaka 1977, jambo ambalo wengine wangeliita dharura ya taifa huitwa "hali ya hatari". Hospitalini nako twasikia "magonjwa ya dharura", usemi ambao haukukaa sawa, kwa sababu mguu uliovunjika si ugonjwa, wala mama aliyeshikwa na uchungu si mgonjwa. Twapendekeza "tiba ya dharura", kwa kuwa kilicho cha dharura hapo ni tendo la kutibu.

Lakini tiba nayo isichanganywe na jirani zake. Penye ajali mna vitendo vinne. Kuokoa ni kumtoa mtu katika hatari: kukata chuma cha basi, kuzuia mafuta yasiwake, kumwopoa aliyezama. Kutoa huduma ya kwanza ni kuzuia hali isizidi kuwa mbaya, kwa mfano kukandamiza jeraha linalovuja damu; hili laweza kufanywa na yeyote aliyefundishwa, hata mwalimu au kondakta. Kutibu ni kazi ya mwenye taaluma na idhini. Kusafirisha ni kumfikisha majeruhi mahali panapomfaa, na kwa mtu wa Nzega mahali hapo pengine ni hospitali ya wilaya, pengine ni Kitete mjini Tabora. Tangazo linalowahimiza wanakijiji "kuwatibu majeruhi" linawataka wafanye wasiloruhusiwa. Lile linalowakataza "kuwahudumia" laweza kuwazuia kuziba jeraha la mtu ambaye damu inamwishia.

Kuna kitendo cha tano ambacho bado hakijapata jina lililotulia. Majeruhi wakiwa wengi na wahudumu wachache, mmoja hupita upesi akiamua nani ashughulikiwe kwanza. Mataifa mengi hutumia neno la Kifaransa lililotokana na kitenzi cha kuchagua na kutenga, ambalo zamani lilihusu bidhaa kama sufu. Kwetu maneno hayakosekani. Tatizo ni kwamba kila moja limeshapata mwenyewe. "Uchaguzi" ni wa kura. "Uchambuzi" ulikuwa wa pamba, sasa ni wa habari na vitabu. "Upembuzi" umefungamana na upembuzi yakinifu wa miradi. "Ubaguzi" ungefaa kabisa kwa maana yake ya kale ya kutenga kimoja na kingine, lakini historia imeutia uovu, na hakuna mwananchi atakayekubali jamaa yake abaguliwe. Mkulima wa tumbaku wa Tabora angetushauri "madaraja", kwani ndivyo apangavyo majani yake. Ila kwake daraja la kwanza ndilo jani bora, na penye ajali wa kwanza ndiye aliye mahututi. Twapendekeza "upambanuzi wa majeruhi". Kupambanua ni kuonyesha tofauti ya kitu na kingine bila kukipa kimoja thamani kuliko kingine. Rangi za alama zitafuata: nyekundu kwa asiyeweza kungoja, njano kwa awezaye kungoja kidogo, kijani kwa mwenye majeraha madogo, na nyeusi kwa aliyefariki au asiyetarajiwa kuokoka.

Msomaji atauliza: kwa nini kujisumbua hivi, na hali watu huelewana tu? Jibu limo katika historia ya neno "wazimamoto" lenyewe. Kabla ya uhuru, hasa tangu miaka ya 1920 hadi ya 1950, ulienea katika miji ya Kenya, Uganda na Tanganyika uvumi kwamba wazimamoto huwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Wengine waliwaita mumiani. Mwanahistoria Luise White aliuchunguza uvumi huo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000. Watu waliogopa gari jekundu na watu waliovaa sare, na huenda sababu mojawapo ni kwamba hawakuelezwa kwa lugha yao kazi ya gari lile na mipaka ya madaraka ya watu wale. Iwapo leo twataka mwananchi apige simu mapema na kumkabidhi ndugu yake mikononi mwa mgeni, hatuna budi kumwita mgeni huyo kwa jina linaloeleza anachokuja kufanya. Majirani zetu wa Rwanda, ambao malori yao hupita Nzega, waliliita gari la wagonjwa imbangukiragutabara, yaani lenye kukimbilia kuokoa. Neno ni refu, lakini hakuna asiyejua gari hilo linakuja kwa nini.

Sisi tunalo "gari la wagonjwa", na kwa kuwa limeshazoeleka hatupendekezi libadilishwe, ijapokuwa hubeba majeruhi na wazazi pia. Istilahi iliyokwisha kukubaliwa na umma isivunjwe kwa kutafuta ukamilifu. Mapendekezo yetu ni haya:

Tiba ya dharura: matibabu yanayotolewa na mwenye taaluma, mara moja, kwa mtu ambaye kukawia kwaweza kumwua au kumlemaza.

Mhudumu wa tiba ya dharura: aliyefunzwa kutoa tiba hiyo nje ya hospitali. Asiitwe "tabibu", kwa kuwa tabibu ni kada nyingine inayotambuliwa katika utumishi wa afya.

Mratibu wa wito: apokeaye simu na kuamua chombo kipi kiende wapi.

Kamanda wa tukio: mwenye amri juu ya usalama wa mahali pa ajali na kazi ya uokoaji.

Msimamizi wa tiba: mwenye kauli ya mwisho, mahali hapo, juu ya upambanuzi, matibabu na usafirishaji wa majeruhi.

Mkuu wa Kitengo cha Tiba ya Dharura: kiongozi wa kitengo hicho, likifuatiwa na jina kamili la chombo chake, iwe ni idara ya mji, kaunti au jeshi.

Katika orodha hii, kamanda na msimamizi ndio wa kuangaliwa zaidi. Kamanda ndiye wa kusema ni salama kulisogelea gari. Msimamizi ndiye wa kusema nani aondoke kwanza. Kama wote wawili wataitwa "mkuu", wahudumu watapokea amri mbili na hawatajua waitii ipi.

Mapendekezo haya si maamuzi ya Baraza. Yametolewa ili yajadiliwe na wale watakaoyatumia: wafasiri, walimu wa huduma ya kwanza, maofisa wa zimamoto, wauguzi na waganga, hususan wale walio katika wilaya za barabara kuu. Tungependa sana kujua maneno yanayotumika tayari katika vituo vyao, kwani huenda dereva wa gari la wagonjwa wa Nzega au Igunga ameshapata neno lililo bora kuliko letu. Likiwapo, tutalipokea.