Serikali moja ya ulimwengu: Funzo la Afrika Mashariki

MTAA wa Amalemba mjini Kakamega uko nchini Kenya. Hata hivyo, kabla ya Aprili 1, 1902, eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Uingereza iliuhamisha mpaka. Wenyeji hawakuulizwa, wala hawakuhama.

Je, mpaka uliochorwa kwa kalamu waweza kufutwa kwa kalamu? Wanaoota serikali moja ya ulimwengu wangefaa kwanza kuitazama Afrika Mashariki.

Juni 5, 1963, Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walitangaza jijini Nairobi kwamba wangeunda shirikisho kabla ya mwaka huo kwisha. Halikuundwa. Jumuiya ya mwaka 1967 nayo ilivunjika 1977.

Mkataba wa 1999 ulioifufua ulilitaja shirikisho la kisiasa kuwa kilele cha safari, baada ya umoja wa forodha, soko la pamoja na sarafu moja. Forodha ilianza 2005, soko likafuata 2010. Sarafu iliyotarajiwa 2024 haikupatikana, na tarehe ikasogezwa hadi 2031. Mwaka 2017 marais waliamua kuanza na muungano hafifu zaidi, ambamo kila nchi itabaki na mamlaka yake.

Kiini cha tatizo ni hayo mamlaka. Marais wa Jumuiya huamua kwa kauli moja. Mmoja akikataa, shauri hukwama. Katika Umoja wa Mataifa wenye nchi 193, ni tano tu zilizo na kura ya turufu katika Baraza la Usalama. Arusha, kwa hakika, kila mmoja anayo.

Raia naye yuko mbali. Tangu 2014 mkazi wa Amalemba aweza kuingia Uganda kwa kitambulisho tu, lakini hapigi kura kumchagua mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki. Kazi hiyo ni ya wabunge wa Nairobi.

Udhaifu huo ulidhihirika Kongo, iliyojiunga mwaka 2022. Novemba mwaka huo Jumuiya ilikuwa na kikosi chake mashariki mwa nchi hiyo. Serikali ya Kinshasa ilipokataa kukiongezea muda, kikaondoka Desemba 2023. Januari 2025, waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma.