Mifumo ya afya isomane kwanza, ndipo ilipiwe

Mgonjwa wa kisukari anayepewa rufaa kuja Dar es Salaam bado hubeba daftari la shule lenye majibu yake ya vipimo. Kituo alikotoka kina kompyuta, hospitali anayokwenda inayo pia, ila mifumo haisomani. Basi damu hutolewa upya na kipimo hulipiwa upya, na asiye na bima hulipa kutoka mfukoni.

Chukua mfano wa sukari ya damu. Maabara moja itaandika 7, nyingine 126, na kiwango ni kilekile: ya kwanza imepima kwa milimoli kwa lita, ya pili kwa miligramu kwa desilita. Daktari atang'amua. Kompyuta iliyopokea namba tupu haitang'amua. Ndiyo maana LOINC, orodha ya misimbo ya vipimo vya maabara iliyoanzishwa na Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis mwaka 1994, imevipa vipimo hivyo viwili misimbo tofauti, 14749-6 na 2345-7. Magonjwa yana misimbo ya ICD ya Shirika la Afya Duniani. Kwa kusafirisha taarifa hizo kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kuna utaratibu wa FHIR wa shirika la HL7, ulioanza na pendekezo la Mwaustralia Grahame Grieve mwaka 2011.

LOINC na FHIR hutumika bure. Ghali ni kazi ya mtu kukaa na orodha ya maabara, mstari kwa mstari, akioanisha kila jina na msimbo wake, na muuzaji wa programu hana haraka nayo. Hospitali ambayo data zake hazihamishiki haiwezi kumkimbia, na kila muunganisho mpya huja na ankara yake. Marekani ilimwaga mabilioni ya dola kupitia sheria ya HITECH ya 2009, hospitali zikanunua mifumo, kisha mwaka 2016 ikalazimika kutunga sheria nyingine kuwakataza wauzaji kuzuia taarifa.

Sisi hatuna fedha za kulipa mara mbili. Kenya imepitisha Sheria ya Afya Dijitali ya 2023, Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka huohuo, na kila kipimo kinachorudiwa bila sababu kitaubana mfuko wa wote. Nguvu iko kwenye mkataba wa ununuzi. Muuzaji atoe faili la mgonjwa wa mfano kwa FHIR, lifunguliwe kwenye mfumo wa mshindani wake, sukari isomeke ileile pamoja na kipimio chake. Mpaka hapo, malipo ya mwisho yashikiliwe.